Kishindo cha Lango la Chini

Neno la mwisho la tamthilia ya *Nyumba ya Mwanasesere* halisemwi na mtu yeyote. Ni agizo la jukwaani, sentensi moja aliyoiandika Henrik Ibsen wa Norwei mwaka 1879: kutoka chini kunasikika kishindo cha lango likifungwa. Nora Helmer ameshamrudishia mumewe pete, ameacha funguo za nyumba, amejitanda shali, ametoka na kijibegi cha safari. Torvald Helmer amejibwaga kwenye kiti karibu na mlango, uso kaufunika kwa viganja. Anaita, "Nora! Nora!" Anainuka, anaangaza huku na huku. Hakuna mtu. Tumaini linamjia ghafla, anautaja kwa sauti ule muujiza mkubwa kuliko yote, ambao Nora amemwambia ndio pekee ungeweza kuwarudisha pamoja. Hapo ndipo lango linapofunga.

Kwa miaka mingi niliamini ni mlango wa sebule. Tafsiri nilizosoma zilisema "mlango", basi, na mimi nikauona mlango wa sebule ukibamizwa mbele ya pua ya mwanamume. Baadaye nikajua kwamba neno aliloandika Ibsen ni "port", lango la jengo, lile la kutokea barabarani. Kina Helmer wanakaa ghorofani. Kuna ngazi, na tumeshazisikia kabla: Krogstad, aliyemkopesha Nora pesa kwa siri, anapotumbukiza kwenye sanduku barua ya kumfichua kwa mumewe, nyayo zake zinasikika zikishuka na kufifia. Kwa hiyo Nora akitoka sebuleni bado ana ukumbi wa kupita na ngazi za kushuka. Lile tumaini la Helmer linazaliwa mke akiwa ngazini, na linakufa akifika chini.

Na sisi tuko wapi muda huo? Tuko juu, na mwanamume. Hakuna mtazamaji wa ukumbini aliyewahi kushuka ngazi zile na Nora. Ibsen ametufungia ndani. Tangu nilipoelewa hilo, kila nikipata filamu iliyotokana na *Nyumba ya Mwanasesere* huwa nasubiri kitu kimoja tu: lango likikaribia kufungwa, kamera imesimama upande gani?

Kwa asiyeijua hadithi, ni hadithi ya mkopo. Nimesikia watu wakiisimulia kana kwamba ni mke aliyechoka na ndoa akaondoka, nami huwa nakosa raha, maana wanaruka hesabu, na hesabu ndiyo roho ya mchezo. Pazia linafunguka siku ya kuamkia Krismasi. Nora anaingia na mti wa sherehe, mchukuzi anamwambia ujira wake ni øre 50, yeye anampa krone nzima, yaani øre 100, na kumwambia abaki na chenji. Kabla hajavua koti tumeshaonyeshwa uhusiano wake na pesa. Mumewe anamwita kindi, anamwita ndege mdogo mwimbaji, anamkataza hata vibiskuti vya lozi. Asichojua ni kwamba miaka kadhaa nyuma, alipokuwa mgonjwa wa kufa na madaktari wakasema lazima apelekwe kwenye joto la kusini, mke huyuhuyu alikopa speciedaler 1,200 akampeleka Italia. Norwei ilibadili sarafu mwaka 1875, ndiyo maana ndani ya maongezi yenyewe deni hilo linatajwa tena kwa pesa mpya: krone 4,800.

Mwanamke wa ndoa hakuruhusiwa kukopa bila idhini ya mumewe. Nora akaweka jina la baba yake kama mdhamini, akaisaini mwenyewe ile hati na kuiandika tarehe 2 Oktoba. Baba yake alikuwa amefariki tarehe 29 Septemba. Siku tatu. Krogstad anapomwekea tarehe hizo mbili mbele, mimi nilihisi tumbo likishuka. Nimewaona wanawake wa mtaani kwetu wakichungulia dirishani kabla ya kufungua, kwa sababu aliyebisha hodi huenda ni wa mkopo wa kausha damu, na mume hajui. Hawakuhitaji kufafanuliwa Nora ni nani.

Halafu kuna mstari ambao ni rahisi kuupita. Nora anamsimulia rafiki yake Kristine jinsi alivyokuwa akilipa marejesho. Msimu mmoja wa baridi alipata kazi ya kunakili maandishi, akawa anajifungia chumbani kila usiku, anaandika hadi usiku wa manane. Alichoka sana, anasema, lakini ilikuwa raha kukaa hivyo ukafanya kazi na kupata pesa. Ilikuwa karibu kama kuwa mwanamume. Ushikeni mstari huo, nitaurudia.

Nora wa kweli alikuwapo. Aliitwa Laura Kieler, alizaliwa mwaka 1849, mwandishi kijana aliyekuwa karibu na nyumba ya Ibsen, na Ibsen alikuwa akimwita kwa mapenzi jina la yule ndege mwimbaji ambalo baadaye tunalisikia kinywani mwa Torvald. Mumewe aliugua kifua kikuu. Laura alikopa kwa siri ili ampeleke Italia, mume akapona, deni likabaki. Mwaka 1878 alimtumia Ibsen muswada akimwomba aupendekeze kwa mchapishaji ili apate pesa ya kulipia. Ibsen alikataa, akamshauri amwambie mumewe kila kitu. Laura akauchoma muswada, akaghushi hati. Ilipogundulika, mumewe alimtenga na watoto, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili akakaa huko kama mwezi mmoja. Alipotoka alirudi kwa mume huyohuyo.

Ibsen alijua yote hayo. Mwaka uliofuata akiwa Amalfi, Italia, akamaliza tamthilia ambamo mwanamke anatoka. Nakala 8,000 za kwanza zilitolewa Copenhagen tarehe 4 Desemba 1879 na hazikumaliza mwezi. Jukwaani ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 21 Desemba, hukohuko Copenhagen. Laura aliishi hadi 1932, akinyooshewa kidole kuwa yeye ndiye Nora, na lilimuumiza maisha yake yote. Naipenda tamthilia hii kuliko nyingine yoyote niliyosoma, na bado kila nikifika ukurasa wa mwisho namfikiria mwanamke ambaye hakupewa lango.

Ujerumani walilikataa lango mapema. Mwigizaji mashuhuri Hedwig Niemann-Raabe alisema hatacheza mwisho ule kwa sababu yeye asingewaacha watoto wake kamwe. Haki za mwandishi hazikulindwa huko wakati huo, mtu yeyote angeweza kuuandika upya mwisho autakavyo, kwa hiyo Ibsen akaamua afadhali aharibu mwenyewe. Mwaka 1880 aliandika mwisho wa pili: Helmer anamkokota Nora hadi mlango wa chumba cha watoto, Nora anawatazama waliolala, anasema anajitendea dhambi mwenyewe lakini hawezi kuwaacha, anaanguka palepale mlangoni. Ibsen mwenyewe aliuita unyama. Mimi ninachokiona ni kwamba hata katika kuharibu alibaki na mlango, ila safari hii ni wa ndani.

Sinema ilianza mapema kuihangaikia. Marekani peke yake ilitengeneza tatu ndani ya miaka mitano: 1917, 1918, na 1922. Zote za enzi ya picha bubu, na hapo ndipo ninapopata simanzi, maana umepewa hadithi inayoishia kwenye sauti, nawe huna sauti. Ile ya 1922 ndiyo ninayoitamani zaidi. Nora ni Alla Nazimova, mzaliwa wa Yalta, aliyekuwa ameshajijengea jina New York kwa kucheza wanawake wa Ibsen jukwaani tangu 1906. Alitengeneza filamu hiyo kwa nguvu na pesa zake. Imepotea. Nitakwenda kaburini bila kujua mwanamke yule alitufanyaje tusikie kishindo kwa macho.

Wajerumani wakatoa *Nora* mwaka 1923, na nyingine 1944. Argentina mwaka 1943 wakaihamishia hadithi kwenye zama zao na kuchukua ule mwisho wa pili, wa mke kubaki. Mexico wakafuata 1954. Mwaka 1959 televisheni ya Marekani iliirusha katika dakika 90, Nora akiwa Julie Harris, mume akiwa Christopher Plummer. Sina mengi ya kusema juu ya hizo. Niende kwenye mwaka ninaopenda kuuzungumzia.

Mwaka 1973 zilitoka mbili kwa mpigo, za Kiingereza zote. Ya Patrick Garland ilitokana na onyesho lililokuwa limefanikiwa New York, na Nora wa jukwaani, Claire Bloom, alikuja nalo hadi kwenye filamu. Torvald ni Anthony Hopkins, wakati huo hata miaka 40 hajafika. Ya Joseph Losey ilikwenda kupigwa picha Norwei kwenyewe, katika mji wa machimbo ya shaba wa Røros, ukiwa na nyumba zake za mbao na theluji hadi magotini. Nora wake ni Jane Fonda, na Torvald ni David Warner.

Losey hakutaka kubaki sebuleni. Anaanza miaka ya nyuma, Nora na Kristine wakiwa wasichana wanaoteleza kwenye barafu, anatuonyesha jinsi Kristine anavyomwacha Krogstad, anatuonyesha njia, baridi, pumzi za watu zikitoka kama moshi. Ni nzuri kuitazama, sikatai. Fonda ana hasira ambayo unaiona inaota taratibu kama jino. Lakini kila kamera inapotoka nje, nyumba inapungua nguvu. Ukishamwona Nora akipita barabarani akiwa huru na shali yake, akivuka daraja, akisalimiana na watu, kutoka kwake mwisho kunakuwa safari nyingine tu kama zile za asubuhi. Nje imeshakuwa mahali panapojulikana. Kwa Ibsen nje ni giza na ubaridi ambao watu wanaingia nao mwilini wakibisha hodi, na hatujawahi kupaona.

Garland alibaki ndani, na wapo wanaomlaumu kwamba ni jukwaa lililopigwa picha. Sikubaliani nao. Kamera ikikubali kukaa kwenye vyumba vilevile viwili vitatu, inapata kitu ambacho ukumbi wa tamthilia hauna, nacho ni ukaribu. Sanduku la barua la kina Helmer linafungwa kwa ufunguo, na ufunguo anao mume peke yake. Ukiwa ukumbini, safu ya ishirini, sanduku ni kitu kidogo kule mbali. Kwenye filamu unaletewa hadi puani. Unaelewa kwa nini Nora anacheza ile tarantela, ngoma ya kasi ya Italia, kama mtu aliyepandwa na pepo: anamzuia mumewe asilikaribie, ananunua usiku mmoja zaidi.

Na kuna yaya. Anne-Marie katika filamu ya Garland ni Edith Evans, bibi mzee aliyekuwa amemaliza karibu kila kitu ambacho mwigizaji wa Uingereza anaweza kufanya. Katika tamthilia, Nora anamuuliza aliwezaje kumtoa mtoto wake mwenyewe akalelewe na watu wengine ili yeye aje kuwa mnyonyeshaji wa Nora mchanga. Yaya anajibu kwamba alilazimika, kazi nzuri namna ile msichana maskini angeiachaje? Nora anawaza kuwaachia watoto wake mwanamke ambaye aliwaachia watu mtoto wake. Watu wamebishana kuhusu Nora kuwaacha watoto kwa miaka 140 na ushee, Berlin hadi Buenos Aires, na mama aliyekwisha kumwacha mtoto amesimama humohumo chumbani. Sisi tuliolelewa na dada wa kazi, ambaye naye alikuwa na mtoto kwa bibi yake kijijini, tukifika hapo hatuna haja ya maelezo.

Rainer Werner Fassbinder aliirudia kwa televisheni ya Ujerumani mwaka 1974, Margit Carstensen akiwa Nora, akaijaza nyumba vioo hadi hujui unamtazama mtu au kivuli chake. BBC wakatoa ya David Thacker mwaka 1992, na Juliet Stevenson pale ni hodari kweli, hasa wakati wa kukaa mezani kuzungumza. Ndiyo, baada ya kelele zote Nora anamkalisha mumewe kitako na kumwambia kwamba katika miaka minane ya ndoa hiyo ndiyo mara ya kwanza wanazungumza kwa uzito. Huo ndio uliokuwa mwujiza wa Ibsen mwenyewe. Kabla yake, mke wa kwenye tamthilia angelia, angezimia, angekunywa sumu. Huyu anavuta kiti.

Mwandishi mkubwa wa China, Lu Xun, aliwahi kuwahutubia wanafunzi wa chuo cha wanawake Beijing, Desemba 1923, kuhusu nini kinampata Nora akishaondoka. Hakuwabembeleza. Aliwaambia barabara ni mbili, ataharibikiwa au atarudi nyumbani, na kwamba kitu anachohitaji mkobani ili asifuate mojawapo ya hizo ni pesa. Norwei yenyewe ilichukua hadi 1888 kumpa mwanamke wa ndoa haki ya kusimamia mali yake. Nora alitoka miaka tisa kabla ya sheria.

Niliwaambia muushike ule mstari wa kunakili usiku. Kuna mtu mmoja aliyeusikia vizuri kuliko waongozaji wote hawa, naye alikuwa Tehran. Dariush Mehrjui alitoa *Sara* mwaka 1993. Nora ni Sara, anaigizwa na Niki Karimi, aliyepata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kule San Sebastián kwa kazi hiyo. Mumewe anafanya kazi benki, aliugua, akatibiwa kwa pesa ambayo Sara aliikopa kwa siri. Na Sara analipa kwa kushona. Anadarizi nguo za maharusi, usiku, kwa mwanga hafifu, kwa kificho, hadi macho yake yanaanza kufa. Mehrjui alichukua kile ambacho kwa Ibsen ni maneno mawili matatu ya kumsimulia rafiki, akakifanya kuwa mwili wa filamu nzima. Deni linaacha kuwa tarakimu kwenye hati, linakuwa mboni za mtu.

Hii niliitazama na mama. Mama yangu ni fundi cherehani tangu kabla sijazaliwa, na hapendi filamu, hulala zikianza. Nilimwomba tu akae nami kwa sababu umeme ulikuwa umerudi na hakuwa na kazi ya haraka. Maandishi ya tafsiri yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nikawa namsomea kwa Kiswahili, naruka hapa na pale. Ilipofika Sara amekaa na kitambaa cheupe magotini, ameinamia sindano, mama aliacha kuegemea kiti.

"Anashona nyeupe usiku?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Mume asijue."

"Taa yenyewe ile?" Akanyamaza kidogo. "Nyeupe juu ya nyeupe. Huyo macho hana tena."

Kuanzia hapo hakunihitaji nimsomee. Alikuwa akiangalia mikono. Aliniambia sindano anaishika sivyo, halafu akajirudi, akasema la, ukiwa umechoka ndivyo unavyoishika. Miwani ya mama mwenyewe iko juu ya kichwa wakati wote huu, ile ya pili ndani ya miaka mitatu. Nilijua mama alinisomesha kwa ile cherehani. Sikuwahi kukaa nikahesabu usiku.

Mwishoni, mume anasoma barua na kumlipukia, kama Torvald alivyomlipukia Nora. Hatari ikipita, anamsamehe, kama Torvald alivyomsamehe, na ule msamaha ndio unaomaliza kila kitu. Sara anafungasha. Lakini Sara anaondoka na mtoto wake. Mehrjui hakumwacha afanye kile ambacho Niemann-Raabe alikikataa, wala hakumwangusha mlangoni. Na kamera inatoka naye. Mimi niliyelalamika juu ya Losey, hapa sikuwa na la kusema, kwa sababu Sara nje anayo njia: ana sindano, ana mikono inayojulikana na wateja. Lu Xun angetazama kwanza mkobani mwake. Ukumbi wa Ibsen ulitufungia na mume kwa sababu mwaka 1879 hakukuwa na kitu cha kuonyesha chini ya zile ngazi. Mehrjui alikuwa nacho, na alikuwa ametuonyesha filamu nzima jinsi kilivyochumwa.

Mama alikaa kimya hadi majina yalipoanza kupanda. Nilifikiri ataniuliza kama yule mwanamke alirudi, maana kila niliyetazama naye huuliza hivyo. Alishusha miwani machoni.

"Sasa zile nguo za maharusi," akasema, "nani alizimalizia?"

Sikukumbuka. Nikairudisha filamu nyuma, tukaanza kutafuta.